Uwanja wa Ndege wa Gan, Maldivi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia Yake

Gan iko wapi, na ni Gan ipi?

Maldivi ina visiwa kadhaa vyenye jina hili, na wasafiri huchanganyikiwa, hasa wanapoikuta Gan ya Laamu kwenye ramani. Inayozungumzwa hapa ni Gan ya Addu, kusini kabisa mwa nchi, chini kidogo ya ikweta na zaidi ya kilomita 500 kutoka mji mkuu, Malé. Addu ni atoli, yaani duara la visiwa na miamba ya matumbawe lililozingira maji yenye kina. Upande wa magharibi visiwa vinafuatana: Gan, Feydhoo, Maradhoo, Hithadhoo, na siku hizi unaweza kuvipita vyote kwa pikipiki bila kupanda chombo. Uwanja wa ndege uko Gan, na umechukua sehemu kubwa ya kisiwa, kutoka pwani hadi pwani. Alama yake kwenye tiketi ni GAN.

Waingereza walifuata nini huko?

Walifuata maficho. Mwaka 1941 Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa linatafuta mahali katikati ya Bahari ya Hindi ambapo manowari zingeweza kujaza mafuta na maji iwapo Singapore na Ceylon (Sri Lanka ya leo) zingekuwa hatarini. Maldivi ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1887, ingawa Sultani aliendelea kukaa kwenye kiti chake. Addu ilifaa kwa sababu maji ya ndani ni marefu, meli kubwa zinaingia kupitia milango ya miamba, na hakuna adui aliyekuwa akiifikiria. Wakaipa jina la siri, Port T.

Askari wa nchi kavu wa Jeshi la Majini walishushwa wakaanza kazi. Minazi ya Gan ilikatwa, matumbawe yakasagwa na kushindiliwa, ikapatikana njia ya kurukia ndege. Mizinga ikawekwa kwenye visiwa vya pembeni, na nyavu za chuma zikatandazwa kwenye milango ya maji kuzuia nyambizi. Ndege za Catalina, ambazo hutua majini, zilitumia maji ya ndani ya atoli. Maradhi ndiyo yaliyowasumbua kuliko adui: malaria na homa nyingine ziliwalaza watu wengi kabla hata risasi moja haijafyatuliwa.

Wajapani walijua kuna kambi pale?

Hawakujua, na hilo liliokoa meli nyingi. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Mwishoni mwa Machi, Admeri James Somerville wa Uingereza aliziweka meli zake karibu na Ceylon akizisubiri meli za Admeri Nagumo wa Japani, zilezile zilizoshambulia Pearl Harbor. Akasubiri siku kadhaa, asione kitu. Maji na mafuta vikapungua, akaenda Addu kujaza. Alifika huko tarehe 4 Aprili, na alasiri ile ile Catalina kutoka Ceylon, iliyorushwa na Mkanada Leonard Birchall, ikawaona Wajapani kusini mwa kisiwa hicho. Birchall na wenzake waliangushwa baharini na kuchukuliwa mateka, lakini taarifa ilikuwa imeshatumwa.

Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, Colombo ilipigwa mabomu. Manowari mbili, Dorsetshire na Cornwall, zikazamishwa zikiwa njiani kuungana na Somerville. Tarehe 9 ikawa zamu ya bandari ya Trincomalee, na meli ya kubebea ndege Hermes ikazama. Nagumo alizungukazunguka akitafuta meli zilizobaki bila kupata wazo kwamba zilikuwa zimejaza mafuta kwenye duara la matumbawe ambalo hakulihesabu kabisa. Maoni ya mwandishi: kama angelijua, Addu ingekuwa jina linalotajwa pamoja na Pearl Harbor, na si kwa heri.

Ni kweli kwamba historia hii inagusa Mombasa?

Inaigusa, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni baada ya mashambulizi hayo ya Aprili. Waingereza waliona Ceylon haikaliki, na sehemu kubwa ya meli zao za Bahari ya Hindi ikahamishiwa Kilindini. Hata kitengo cha kuvunja maandishi ya siri ya Wajapani kililetwa Mombasa, kikawekwa katika majengo ya Shule ya Allidina Visram. Kwa hiyo Addu na Kilindini zikawa ncha mbili za njia moja, umbali wa kilomita kama 3,700, na misafara ya meli ikawa inapita kati ya pwani yetu na Ceylon.

Mara ya pili ni msiba. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Ndani yake kulikuwa na Khedive Ismail, meli iliyobeba watu zaidi ya 1,500, karibu 1,000 kati yao wakiwa askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, katika mlango wa bahari kaskazini mwa Addu, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa dakika chache mno. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo wauguzi wanawake. Waliookolewa hawakufika 220. Manowari Petard na Paladin ziliisaka nyambizi hadi zikaizamisha, na Paladin, ikiwa imetobolewa ubavuni, ilikokotwa hadi Addu.

Hao vijana wa Afrika Mashariki hawatajwi sana kwenye masimulizi ya Gan, ambayo mengi yameandikwa na wanajeshi wastaafu wa Uingereza wanaokumbuka jua na kuogelea. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuanza na sura hii.

Je, Addu yenyewe iliwahi kushambuliwa?

Mara moja, na wa kuishambulia hakuwa Mjapani. Tarehe 9 Machi 1944, nyambizi ya Kijerumani U-183 ilisogea hadi nje ya mlango wa maji wa Gan na kurusha topido iliyopenya kwenye nafasi ya nyavu ikaipata meli ya mafuta British Loyalty. Meli hii ilikuwa na nuksi yake: mwaka 1942 ilishazamishwa na nyambizi ndogo ya Kijapani katika bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ikainuliwa, ikaletwa Addu kutumika kama ghala la mafuta. Safari hii nayo haikufa mara moja. Waingereza wenyewe waliizamisha Januari 1946. Ipo mpaka leo, mita 30 na ushei chini ya maji, na wapiga mbizi huifuata kwa ajili ya matumbawe yaliyoota juu yake.

Baada ya vita kambi ilikuwaje?

Ilifungwa. Watu wakapanda minazi tena, na kwa miaka kama kumi Gan ikarudi kuwa kisiwa cha wavuvi.

Kwa nini basi Waingereza walirudi?

Jibu liko kwenye sanduku la kura la nchi nyingine. Mwaka 1956 S.W.R.D. Bandaranaike alishinda uchaguzi Ceylon, akataka kambi za Waingereza zitoke: bandari ya Trincomalee na uwanja wa Katunayake. Zilikabidhiwa 1957. Uingereza bado ilikuwa na majeshi Singapore na Malaya, na ndege za wakati ule hazikuweza kutoka Uarabuni hadi Singapore bila kutua. Wakakumbuka Gan.

Mkataba wa kwanza na serikali ya Malé ulikuwa wa miaka 100 kwa pango la pauni 2,000 kwa mwaka. Soma tena: pauni 2,000, kwa kisiwa kizima, kwa karne nzima. Haishangazi kwamba Ibrahim Nasir alipokuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa 1957 alitaka muda upunguzwe na malipo yaongezwe. Mabishano yakaendelea hadi 1960, ndipo wakakubaliana miaka 30, na Uingereza ikaahidi pauni 750,000 za maendeleo zitakazolipwa katika miaka ya 1960 hadi 1965.

Ujenzi haukungoja mabishano yaishe. Kikosi cha ujenzi cha Jeshi la Anga kilitangulia, kisha kampuni ya Costain ikapewa kazi ya njia ya kurukia, ikaleta vibarua kutoka Pakistani kufanya kazi pamoja na watu wa Addu. Njia ya matumbawe ya wakati wa vita ilibadilishwa kuwa njia ya kisasa yenye urefu wa mita 2,600 hivi, ya kutosha ndege kubwa za usafirishaji na hata za kurusha mabomu.

Wakazi wa Gan walipelekwa wapi?

Walihamishiwa Feydhoo, kisiwa kinachofuata. Feydhoo haikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo baadhi ya watu wa Feydhoo nao wakasukumwa hadi Maradhoo. Ndiyo sababu hadi leo kuna mtaa unaoitwa Maradhoo-Feydhoo: ni watu wa Feydhoo walioko Maradhoo. Anayetaka kuona gharama ya uwanja huu hana haja ya kwenda makumbusho, aangalie tu majina ya vijiji barabarani.

Waliohama hawakuvuka bahari kuu, na waliendelea kuiona Gan kila siku. Wengi walirudi kila asubuhi kwa mashua, safari hii kama wafanyakazi: wapishi, wahudumu wa mabwalo, mafundi, wafagiaji, makarani. Yalikuwa makaburi, misikiti na mashamba ya watu, yakawa mahali pa kuingia kwa kibali na kutoka jioni.

Jamhuri ya Suvadive ilikuwa nini, na uwanja ulihusikaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kidogo huko Maldivi, maana bado lina watu wake.

Kabla ya kambi, atoli za kusini zilikuwa zikifanya biashara zao moja kwa moja na Ceylon na India kwa vyombo vyao wenyewe. Malé ilikuwa mbali, na ilipojitokeza ilikuja na kodi. Kambi ilipoanza kujengwa, watu wa Addu wakapata mshahara wa fedha taslimu, dawa, na bidhaa. Kisha Nasir, akiwa katika mvutano wake na Waingereza, akataka kazi isimame na watu wake waache kuajiriwa. Juu ya hayo kukatangazwa kodi mpya ya vyombo vya baharini. Usiku wa kuamkia mwaka 1959 Addu ikalipuka kwa ghasia.

Abdullah Afeef, mwenyeji wa Hithadhoo aliyekuwa kiungo kati ya Waingereza na wenyeji, ndiye aliyewapa Waingereza tahadhari kwamba watu wamepandwa na hasira. Siku chache baadaye, tarehe 3 Januari 1959, ilitangazwa Jamhuri ya Muungano ya Suvadive ya atoli tatu, Addu, Huvadhu na Fuvahmulah, na Afeef akawa Rais.

Huvadhu ndiyo iliyolipa zaidi. Nasir alifika huko mwenyewe na chombo chenye silaha mwaka 1959 na kuirudisha kwa nguvu. Ilipoasi tena, mwaka 1962 wakazi wote wa Thinadhoo walifukuzwa, nyumba zikabomolewa, na kisiwa kikakaa bila watu hadi 1966. Addu iliepuka adhabu ya namna hiyo kwa kuwa Waingereza walikuwa wamekaa mlangoni.

Lakini Waingereza hawakuwahi kuitambua jamhuri hiyo. Ilipowafaa waliiacha ipumue, na walipokwisha kupata mkataba wao wa miaka 30 na Malé, hawakuwa na haja nayo tena. Septemba 1963 ilivunjwa. Afeef na familia yake walipandishwa manowari Loch Lomond wakapelekwa Ushelisheli, na huko ndiko alikofia mwaka 1993. Wapo wanaosema Suvadive ilikuwa njama ya Waingereza tangu mwanzo. Ukiangalia mpangilio wa matukio, kodi na amri za Malé zilitosha kuwasha moto. Waingereza waliukuta unawaka, wakaota, kisha wakaumwagia maji.

Maisha ya kambini yalikuwaje?

Mwanajeshi wa Jeshi la Anga alipelekwa Gan kwa mwaka mmoja, bila familia. Kulikuwa na mamia ya wanaume na, kwa muda mrefu wa historia ya kambi, mwanamke mmoja tu wa Kizungu: mtumishi wa shirika la kujitolea la wanawake aliyeshughulikia ustawi wa wanajeshi, burudani, barua na michezo. Watu walizunguka kwa baiskeli, kulikuwa na sinema, na ndege za Comet, Britannia, na baadaye VC10 na Hercules zilitua mchana na usiku, zikajaza mafuta, zikaondoka. Abiria walishuka kunyoosha miguu wakiwa na nguo za baridi za London, wakakutana na joto la ikweta. Ndege aina ya Shackleton iliwekwa tayari kwa ajili ya uokoaji baharini.

Kwa wenyeji, kambi ilikuwa shule isiyo rasmi. Walijifunza Kiingereza, umeme, magari, upishi wa hoteli. Utalii ulipoanza Maldivi mwaka 1972, hoteli za karibu na Malé zilihitaji watu wa aina hiyo, na wengi walitoka Addu.

Kwa nini Waingereza waliondoka kabla mkataba haujaisha?

Kwa sababu hapakuwa tena na kwa kwenda. London ilitangaza mwaka 1968 kwamba itaondoa majeshi yake mashariki ya Suez, na kituo cha kujazia mafuta hakina maana kama huko mbele hakuna kambi. Mapitio ya bajeti ya ulinzi ya katikati ya miaka ya 1970 yalimalizia. Jeshi la Anga liliondoka tarehe 29 Machi 1976, miaka kumi kabla ya muda, kwa kuwa ile miaka 30 ilihesabiwa tangu 1956. Maldivi yenyewe ilikuwa nchi huru tangu 26 Julai 1965.

Kwa Addu lilikuwa pigo la ghafla. Ajira zilikatika kwa mkupuo mmoja, na maelfu ya watu wakahamia Malé kutafuta riziki.

Je, Warusi waliwahi kuitaka Gan?

Ndiyo. Mwaka 1977 Umoja wa Kisovyeti ulitoa ofa ya kuikodi kambi kwa dola milioni 1 kwa mwaka. Nasir, ambaye kwa wakati huo alikuwa Rais, alikataa. Linganisha na zile pauni 2,000 za mwanzo.

Majengo yaliachwa tu?

Kwa muda, ndiyo. Miaka ya 1980 yaligeuzwa viwanda vya nguo vilivyoshonea masoko ya nje, na wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Sri Lanka. Viwanda hivyo vilitegemea utaratibu wa mgawo wa biashara ya nguo duniani. Mgawo ulipofutwa mwaka 2005, havikuwa na faida tena. Sehemu nyingine ya kambi ikawa hoteli, Equator Village, na mgeni analala katika safu za vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wanajeshi.

Je, ulikuwa uwanja wa kwanza Maldivi?

Ndiyo, ukihesabu njia ile ya wakati wa vita. Uwanja wa Hulhulé, ambao sasa ni Velana na unahudumia Malé, ulifunguliwa Oktoba 1960 ukiwa na njia ya mabati ya chuma, na ukawa wa kimataifa mwaka 1981. Kwa miaka mingi kulikuwa na kichekesho cha aina yake: njia bora ya ndege nchini ilikuwa kusini, ilhali serikali, fedha na watalii walikuwa kaskazini.

Ulianza lini kupokea ndege za abiria kutoka nje?

Baada ya 1976 uwanja ulibaki hasa kwa safari za ndani, kuiunganisha Addu na Malé. Kupandishwa hadhi kulikwenda polepole. Mwaka 2011 Addu iliandaa mkutano mkuu wa nchi za Asia Kusini, SAARC, na viongozi wakatua Gan, jambo lililowasukuma wahusika kuupa uwanja sura mpya. Desemba 2016 shirika la SriLankan lilianza safari za ratiba kutoka Colombo, mji uleule ambao siasa zake za 1956 ndizo zilizosababisha uwanja ujengwe upya. Njia ya kurukia imerefushwa na sasa inazidi kilomita 3.

Urefu huo una faida hata kwa ndege zisizotua hapo. Eneo hili la Bahari ya Hindi lina viwanja vichache mno, na rubani wa ndege ya injini mbili anayevuka bahari lazima awe na mahali pa kukimbilia injini moja ikizimika.

Kuna tofauti gani na Diego Garcia?

Diego Garcia iko kilomita 700 na ushei kusini mwa Gan, na watu huzichanganya. Uingereza na Marekani zilikubaliana kuhusu kambi hiyo mwaka 1966, na wakazi wote wa visiwa vya Chagos wakaondolewa kati ya 1968 na 1973, wakatupwa Morisi na Ushelisheli. Nadhani uzoefu wa Gan uliwafundisha wapangaji wa kijeshi somo baya: palipo na wenyeji kuna kodi, wabunge, maandamano na mikataba ya kujadiliwa upya. Gan ilikuwa na watu, serikali na mkataba, ndiyo maana leo ina abiria wa kawaida. Diego Garcia bado ni kambi ya kijeshi.

Mgeni akitua leo, aangalie nini?

Karibu na uwanja kuna kumbukumbu ya vita yenye mizinga, inayowaenzi pia askari waliotoka India ya Kiingereza. Majengo marefu yenye baraza, yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka na miti kando ya barabara, ni ya Jeshi la Anga. Ukitoka Gan kuelekea Feydhoo utapita kwenye tuta linalounganisha visiwa. Matuta ya kwanza ya njia hiyo yaliwekwa na Waingereza. Mpiga mbizi mwenye cheti aende kwenye British Loyalty asubuhi, maji yakiwa yametulia, na aende na mtu wa Addu, kwa sababu mkondo kwenye milango ya maji hubadilika haraka.